Betri Mbili za Njiku

Nimestaafu tangu msimu uliopita wa kuvuna alizeti, lakini simu yangu inalia kuliko nilipokuwa gereji. Anayepiga ni mmoja wenu, mafundi vijana niliowafundisha, na swali ni lilelile. "Shikamoo fundi. Nina haibridi hapa, mashine inasema betri imekufa, nifanyeje?" Namuuliza, wewe hiyo betri umeifungua? Ananijibu kwamba mashine ya kusoma makosa ya gari imeshaisoma. Hapo napandisha sauti, mke wangu anatoka jikoni kuuliza nani kafa, na siku imeharibika. Nimeona heri niandike mara moja, msome wote, kisha simu niizime.

Habari za vyeo sina, kwa sababu gereji ya Mzee Salumu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, benchi la mninga lililolowa oili ya miaka mingi, na bati lililotoboka upande wa magharibi. Niliingia pale enzi za ruksa. Kabla ya hapo, hapa Manyoni ungeweza kusikia injini ukiwa chumbani kwako ukajua ni gari la nani. Kisha ruksa ikafungua biashara, na magari ya mitumba yakaanza kushuka bandarini na kufika mpaka huku kwetu, yana maandishi ya Kijapani milangoni na redio zisizoshika stesheni hata moja. Kitabu cha gari hakuna, mchoro wa nyaya hakuna, na mwenye gari amekusimamia kichwani anauliza litakuwa tayari saa ngapi.

Mzee Salumu alikuwa Mgogo mfupi, mkavu, asiyecheka kabla ya saa nne. Umeme alijifunza relini, akitunza betri za taa za mabehewa. Alikuwa na mita ya sindano, kioo chake kimepasuka na kubandikwa plasta ya kidonda, na aliivaa shingoni kwa kamba kama mwenye duka anavyovaa funguo. Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa maji ya moto, brashi ya viatu na betri kumi na moja nisafishe vichwa, pale nyaya zinapofungwa. Nilipomaliza nilikuwa na matundu mawili ya asidi kwenye suruali yangu pekee ya heshima. Akanionyesha betri ya gari lililokuwa mlangoni, akaniuliza ina volti ngapi. Nikamjibu kwamba taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki, kwa hiyo ni nzima.

"Nimekuuliza habari za taa?" akasema. "Weka mita kwenye vichwa vya betri. Vichwa vyenyewe, siyo waya uliotoka hapo."

Niliona ananionea. Mafundi wa stendi walikuwa wanapima kwa cheche. Wanagusisha bisibisi kichwa na kichwa, cheche ikiwa kubwa betri nzima, ikiwa ndogo betri mbovu, na wateja walifurahi kuona moto. Mimi nikaangukia kwa mzee wa kupima kila kitu mara mbili. Na msidhani mambo ya cheche yamepita. Yupo mmoja wenu, anajijua, aliyetaka kupima hivyo betri ya haibridi, yenye volti mia mbili na ushei. Nilimtupia kopo la grisi. Lilimpata, na sijamwomba radhi.

Sasa nije kwa Njiku. Alikuwa dereva, mtu wa Mtinko, amenizidi kama miaka kumi. Aliendesha pikapu ya mitumba ya mfanyabiashara wa alizeti ambaye hapa nitamwita Tajiri, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa. Udereva miaka ile ulikuwa heshima kubwa. Njiku hakushika usukani bila kung'arisha viatu, na kwao Mtinko watu walimwachia kiti cha mbele kwenye harusi. Lakini pikapu ile ilikuwa inakula betri. Ya kwanza ilikufa, ya pili ikaanza kukauka, na Tajiri akaamini kwamba dereva haongezi maji.

"Naongeza kila Jumamosi," Njiku aliniambia alipoleta gari. "Naongeza, yanakwisha. Kuna kitu kinayachemsha, fundi. Nitazamie vizuri, huyu bosi ananitafutia sababu."

Mzee Salumu alikuwa amekwenda msibani kwao na gereji kaniachia mimi. Betri ya pikapu ile ilikaa chini ya bodi, ndani ya sanduku la chuma lililochomelewa na kutiwa kufuli. Kila mwenye gari alifanya hivyo, maana wezi wa betri walikuwa hawalali. Ufunguo wa sanduku alikaa nao Tajiri. Jumamosi asubuhi humpa dereva, dereva anaongeza maji, anaurudisha. Siku hiyo Tajiri alikuwa Singida mjini, na ufunguo mfukoni mwake. Angerudi jioni. Nikaona uvivu kungoja, nikawasha injini na kuipima chaji kwenye soketi ya alteneta, ile inayozalisha chaji, mbele, pasipo na kufuli.

Pale kwenye soketi kuna waya mwembamba ambao wengi hawajui kazi yake. Hauleti moto, unaleta habari. Unatoka kwenye betri kwenda kwenye katauti, kile kidude kinachoongoza chaji, kukiambia kwamba betri sasa ina volti kadhaa, ongeza au punguza. Nikapima hapo nikapata kumi na nne na kitu. Safi kabisa. Nikaandika kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri kwamba chaji ni nzima. Tajiri aliporudi tukafungua sanduku, tukakuta seli zimekauka kabisa.

"Kwa hiyo?" Tajiri akaniuliza.

"Chaji nimepima, ni nzima," nikasema. "Maji hayakuongezwa."

Ningeweza kuweka mita kwenye vichwa vya betri dakika ileile. Sanduku liko wazi, injini inawaka, mita ninayo mkononi. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshapima. Jambo hilo linanikera hadi leo kuliko ule uvivu wa kwanza. Tajiri alimnyang'anya Njiku ufunguo wa gari palepale mbele ya gereji. Njiku alinitazama kidogo, hakubishana, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi na viatu vyake vinavyong'aa. Mimi nilijiona fundi.

Haikupita wiki tatu, pikapu ikarudi na dereva mwingine na betri mpya, na maji yamekauka tena. Mzee Salumu alikuwa amesharudi. Alitaka ufunguo wa sanduku kwanza. Akawasha injini, akaweka mita kwenye vichwa vya betri, na sindano ikapita kumi na sita. Akapima tena pale kwenye soketi nilipopima mimi, ikaja kumi na nne. Akaufuata ule waya mwembamba kwa vidole mpaka kwenye kiungo chake chini ya bodi, akakifungua. Ndani palikuwa na kutu ya kijani. Habari ilikuwa inapungua njiani. Betri ina kumi na sita, katauti inaambiwa kumi na nne, nayo inazidi kusukuma chaji na kuchemsha maji, ikijiona inafanya kazi nzuri. Mimi nilikuwa nimekwenda kumuuliza shahidi yuleyule mwongo, nikaandika maneno yake kwenye karatasi.

"Ulipima waya," Mzee Salumu akaniambia. "Betri hukuipima." Akaifuta mita yake, akairudisha shingoni. "Tajiri nitazungumza naye mimi. Mtinko utakwenda wewe."

Tajiri alisema ameshapata dereva, yakaishia hapo. Mtinko nilikwenda siku ya mnada, baada ya kuahirisha mara tatu. Nilimwona Njiku akishusha magunia ya vitunguu kwenye lori la mtu, peku. Nilisimama nyuma ya kundi la mbuzi muda ambao ungetosha kusema nililokwenda kusema mara ishirini. Kisha nikanunua kuku nisiyemhitaji, nikapanda gari nikarudi. Mzee Salumu aliponiuliza, nikamwambia nimemwona. Nilikuwa nimemwona kweli. Yule kuku nilishindwa kumla.

Miaka ikaenda. Mzee Salumu alifariki, mita yake akaniachia, na plasta ya kioo nimeibadilisha zaidi ya ninavyokumbuka. Magari yakaanza kuja na kompyuta, na baadaye zikaja hizi haibridi, zinazokwenda kwa petroli na umeme wa betri. Watu wanazinunua kwa sababu hazinywi mafuta, halafu wanazipeleka Mitundu kwa barabara ambayo hata punda anaifikiria kwanza. Betri kubwa iko kule nyuma ya kiti cha nyuma cha abiria, na pembeni mwa kiti kuna tundu la kuvutia hewa ya kuipoza. Ndani ya tundu hilo nimetoa maganda ya alizeti, manyoya ya kuku, karatasi za mahubiri, na mara moja kifaranga mzima, anayelia. Mwenye gari alikuwa anashangaa kwa nini betri inapata joto.

Sikilizeni sasa, maana hili ndilo nimelipigia kelele kwenye simu kila siku. Betri ile ni vipande vingi vilivyopangwa kama matofali. Kati ya kipande na kipande unatoka waya mwembamba kwenda kwenye kompyuta ya betri, kuiambia kila kipande kina volti ngapi. Ni waya uleule wa pikapu ya Tajiri, isipokuwa sasa ziko nyaya zaidi ya kumi kwenye gari moja. Mashine yenu haisomi betri. Inasoma yale ambayo kompyuta imeambiwa na nyaya. Ukiniambia mashine imeona betri, unaniambia umesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Basi asubuhi moja, nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu, gari jeupe la haibridi lilifika gereji likisukumwa na vijana wawili wa bodaboda. Mzee akashuka upande wa dereva. Kichwa kilikuwa cheupe chote, ila viatu vilikuwa vinang'aa, na kwa viatu nilimjua kabla sijamtazama usoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Njiku akafunga mlango polepole. "Safari hii usije ukasema sijaongeza maji."

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta mikono iliyokuwa safi. Yeye akaendelea kama mteja mwingine yeyote. Gari ni la binti yake Neema, nesi hapa Manyoni. Siku za kazi anamwachia baba yake, naye analipeleka Mitundu kuchukua asali ya kuuza. Sasa limezima njiani mara mbili. Gereji moja huko, ambayo jina silitaji, wamechomeka mashine wakasema betri imekufa. Neema amesema ni baba ameliua kwa kulitesa, na kwamba likipona ufunguo haurudi mikononi mwake.

"Nakaribia sabini," Njiku akasema. "Mke wangu ametangulia. Shamba wanalima wengine. Kile kiti cha dereva ndicho kilichobaki. Nikinyang'anywa ufunguo mara ya pili, fundi, mimi nitakuwa nani?"

Niliomba kimoyomoyo kosa lisiwe lake. Nikachomeka mashine na mimi, kwa sababu siikatai, ina kazi yake. Kipande cha sita kilikuwa chini mno. Yule wa gereji nyingine aliishia hapo, nina hakika. Lakini kipande cha saba kilikuwa juu, juu isivyo kawaida. Nikachukua kalamu. Kiasi kilichopungua kwenye cha sita ndicho kilichozidi kwenye cha saba, na jumla ya betri nzima haikubadilika. Kipande kikiugua kweli hupungua chenyewe, hakimpelekei jirani yake volti. Ukiona kimoja kimepoteza na kingine kimeokota kiasi hichohicho, mwongo ni waya uliopo katikati yao, kwa sababu vyote viwili vinapimwa kupitia huohuo.

Nikachomoa plagi ya usalama, inayokata umeme wa betri kubwa, nikaitia mfukoni mwangu, siyo kwenye benchi, maana kwenye benchi kuna watu wenye mikono. Nikangoja dakika kumi, umeme uliobaki uishe. Njiku naye akangoja, amesimama. Nikavaa glovu za mpira na kufungua kifuniko. Kwa kazi hii natumia mita ya kisasa, ingawa ile ya Mzee Salumu ilikuwa shingoni. Kipande cha sita, kwenye vichwa vyake vyenyewe, volti kumi na sita. Cha saba, kumi na sita. Nikapima tena, nikapata vilevile. Betri ilikuwa nzima! Nilitaka kumwita Njiku nimkumbatie. Nikaufuata waya wa katikati kuona umeharibiwa na nini, na glovu ikanata.

Ilikuwa asali. Ilitiririka nyuma ya kiti, ikaingia chini ya kifuniko, ikakusanya vumbi lote la njia ya Mitundu, na chini yake shaba ilikuwa imeliwa na kugeuka kijani. Kijani kilekile. Nikaketi sakafuni.

"Mzee Njiku, asali huwa unaiweka wapi?"

"Nyuma pale, juu ya kile kibati ulichokifungua. Pametulia, ndoo hazirukiruki."

"Ndoo zina vifuniko?"

"Nafunga kitambaa na kamba. Asali ya Mitundu ni nzito, haimwagiki." Akaniona uso wangu. "Imemwagika?"

Nikamwambia imemwagika. Nikamwonyesha. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, akagusa kifuniko kwa ncha ya kidole, akafuta kidole kwenye leso. Nikashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu.

"Nitamwambia Neema ni uchakavu," nikasema. "Hili gari ni mtumba, nyaya zake zimezeeka. Hakuna atakayejua."

Njiku akanyooka. "Mara ile ulisema kosa nisilolifanya. Leo unataka kuficha nililolifanya? Wewe ni fundi wa namna gani? Mpigie. Mwambie ulichokiona, nami nikiwa hapa."

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje, simu kwenye kiganja kati yetu. Nikamwambia Neema kwamba betri yake ni nzima, asikubali mtu yeyote kuitoa. Kilichoharibika ni nyaya za kusoma, nazitengeneza leo. Kilichoziharibu ni asali ya mzee.

"Nilijua!" Neema akasema. "Baba, si nilikwambia? Nilikwambia gari siyo mkokoteni. Sasa ufunguo..."

Njiku alikuwa anatazama viatu vyake. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, ngoja kwanza," nikasema. "Baba yako anajua gari kuliko watu wengi. Zamani, enzi za pikapu, alifukuzwa kazi kwa sababu ya betri, na kosa lilikuwa langu. Alisema kuna kitu kinachemsha maji. Ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyepima mahali pasipotakiwa."

Niliitazama skrini ya simu. Nilidhani mtandao umekatika.

"Alifukuzwa?" Neema akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Baba alituambia aliacha mwenyewe. Mama alimlaumu kwa hilo miaka yote, kwamba aliitupa kazi nzuri kwa kiburi. Mama amekufa anaamini hivyo."

Nikaona nilichofanya. Miaka yote nilikuwa nimebeba neno la kumwambia Njiku peke yake, na nilipolitoa nikalitoa kwa binti yake, kwa sauti ya nje, bila kumwomba ruhusa. Hata kuomba radhi nilikosea mahali pa kuanzia. Njiku alikuwa amefumba macho.

"Baba," Neema akasema. "Kwa nini hukutuambia?"

Njiku akainama karibu na kiganja changu, kama mtu asiyeamini kwamba simu inasikia.

"Ningesema nini, mwanangu?" akajibu. "Fundi alikuwa ameshapima."

Kisha Neema akaniambia, taratibu, "Ukimaliza, mpe baba ufunguo wake."

Nilimaliza saa tisa alasiri. Nilisafisha shaba, nikabadilisha kiungo, nikapima kila kipande kwenye vichwa vyake, mara mbili, Njiku akisoma namba pamoja nami. Siku hizi asali anaiweka mbele, upande wa abiria, chini miguuni, kwenye madumu yenye vifuniko vya kukaza. Akitoka Mitundu hupita mbele ya nyumba yangu, ananipigia honi mara moja. Mimi hutoka barazani kila mara. Hajawahi kusimama.